Barua kwa wanangu mnaosoma uhusiano wa kimataifa hapa Arusha

Wanangu, na wajukuu pia maana wengine wenu ni rika la wajukuu zangu, habari za masomo. Nimekaa na hili jambo moyoni nikaona litaniumiza bure, acha niliseme.

Majuzi mlinialika kwenye mdahalo wenu mkanikalisha meza ya mbele, nashukuru sana kwa heshima ile. Ila akasimama kijana mmoja, suti safi, Kiingereza kinatiririka, anatuelezea amani ya Burundi, akasema Mwalimu Nyerere ndiye aliyesimamia kusainiwa kwa Mkataba wa Arusha mwaka 2000. Ukumbi mzima makofi. Jamani! Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ukasainiwa 28 Agosti 2000, hapahapa mjini kwetu, chini ya mzee Mandela aliyepokea usuluhishi baada ya ule msiba, na Clinton, rais wa Marekani wakati huo, alikuwepo. Ukumbi umejaa watu wanaokaribia kumaliza digrii na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Baadaye nikamuuliza yule kijana, mwanangu hii umeisoma wapi, akanionyesha simu.

Tarehe mtu anaweza kuteleza, hilo nalielewa. Kilichoniuma ni kwamba mkataba wenyewe hakuna aliyewahi kuufungua. Angeufungua angekuta itifaki tano, angekuta imeandikwa kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, alafu angejiuliza mbona CNDD-FDD na FNL, yale makundi ya waasi, hawamo kwenye waliosaini, na hapo ndo angeelewa kwa nini vita viliendelea hata baada ya sherehe, mpaka CNDD-FDD wakaja kukubaliana na serikali mwaka 2003 na FNL wakachelewa zaidi ya hapo. Hayo yote yapo kwenye karatasi, wala hayahitaji profesa.

Mi nimefundisha somo hili mpaka nimestaafu na wanafunzi wangu wa zamani watakwambia nilikuwa msumbufu kwa jambo moja: soma mkataba wenyewe, alafu nenda kakae pale watu wanapobishana. Miaka ile Mahakama ya Rwanda, ile ya kimataifa iliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, ikiwa pale kituo cha mikutano cha AICC nilikuwa nawapeleka vijana kwa makundi. Mnakaguliwa mlangoni, mnakaa nyuma ya kioo, mnavaa hedifoni, unachagua chaneli yako, Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Shahidi anayelindwa humuoni, amewekewa pazia, unachosikia ni mkalimani tu. Siku moja binti mmoja akavua hedifoni akaninong'oneza, Mwalimu, imekata. Nikamwambia haijakata, shahidi analia, mkalimani anamsubiri. Yule binti akaanza kusoma hukumu ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ile ya tarehe 2 Septemba 1998, ambapo kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari na ikasema ubakaji nao unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Akaisoma aya kwa aya akiwa na kamusi pembeni, hakuna aliyemtuma. Alipokuja kutetea utafiti wake wale waliomhoji ndio walioishia kuandika anachosema.

Nyie sa hizi mna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hapahapa, vikao vyake vya hadhara mtu anaingia, mna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Bunge lake. Mtu anatoka Moshi, anatoka Mbeya, anatoka Kigoma kuja kusoma huku, miaka mitatu anapita nje ya majengo hayo kwenye daladala, alafu anasema hana mada ya utafiti!

Na hiyo Jumuiya mnayoiimba, mkiulizwa kwa nini ile ya kwanza ilikufa mwaka 1977 mnajibu "ubinafsi wa viongozi" mnakaa chini. Hilo sio jibu la mtu aliyesoma. Baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda Januari 1971 Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja, kwa hiyo wakuu wa nchi hawakuwa wanakutana. Kenya ilikuwa na njia yake ya uchumi sisi tuna ujamaa wetu, tukagombana nani anafaidi zaidi, shirika la ndege likasambaratika, na Februari 1977 tukafunga mpaka. Watu wa Namanga na Holili waliokuwa na shemeji upande wa pili walikaa na hiyo adha mpaka 1983. Alafu fungueni mkataba wa 1999 ulioianzisha Jumuiya ya sasa, ibara ya 12, muone wakuu wa nchi wanaamua kwa makubaliano ya wote, yani mmoja akigoma jambo linasimama. Sasa jumuiya ina nchi nane, hebu pigeni picha.

Mengine nayataja tu. Jifunzeni Kifaransa, Burundi na Kongo wamo humu ndani. Kiswahili chenu kiandikeni vizuri. Msikae kusubiri ubalozi, kuna kazi forodhani, magazetini, kwenye mashirika, kwenye ukalimani. Koneksheni itakuingiza mlangoni ila ripoti utaiandika mwenyewe.

Sisi wakubwa nasi tuna la kujibu. Vyuo vinapokea vijana wengi kuliko walimu, mwalimu mmoja anasimamia tafiti rundo, atazisoma saa ngapi? Mzazi anauliza GPA, hamuulizi mtoto umesoma nini wiki hii. Na kwenye makongamano tukisikia Kiingereza cha kasi tunampa mtu maiki na makofi juu, kama siku ile. Yule kijana ana akili, nilimsikiliza alivyojenga hoja, ni sisi tuliomzoesha kwamba inatosha. Mwanangu, kama unasoma hapa, sina kinyongo na wewe hata chembe.

Nakala ya mkataba wa Burundi ninayo, nimeichorachora pembeni kote, na ule wa Jumuiya pia. Kuanzia Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nipo nyumbani, viongozi wenu wa darasa wanapajua. Tutaanza na itifaki ya kwanza, ile inayoeleza mgogoro wenyewe ulitoka wapi, tunasoma kwa zamu kwa sauti. Njooni na daftari, simu mtaziacha kwenye kikapu pale mlangoni.