Mwanangu, hotuba yako nimeisoma

Muheza, Mei 2025

Mama yangu, binti yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea, na hotuba yako ya kugombea udiwani uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwenye simu, herufi zikanikimbia. Mara ya pili mdogo wako aliniandikia kwenye daftari. Mara ya tatu nilikaa peke yangu chini ya mchungwa na kalamu nyekundu. Ulitaka nikujibu kwa ujumbe wa sauti, nikashindwa. Mambo ya udiwani nimeyaandika kwa mkono miaka kumi na tisa, katika kata tatu, na kwa mkono ndivyo yanavyonijia. Barua hii utaipokea kwa konda wa Kosta pamoja na kiroba cha machungwa. Machungwa ni ya wajukuu zangu, si ya kuwagawia wajumbe wa chama.

Nianze na nilichokifuta. Umeandika: "Nimesukumwa na uchungu nilionao kwa kata yetu." Mwanangu, nilipokuwa mtendaji wa kata nilisikiliza kampeni za 2000, 2005, 2010 na 2015, nimesimama pembeni na ratiba ya mikutano mkononi, nikiangalia saa isije ikapita kumi na mbili jioni. Kila mgombea alikuwa na uchungu. Asiye na uchungu alikuwa ametumwa na wazee, na ambaye hakutumwa na wazee alikuwa ameombwa sana na vijana. Sikumsikia hata mmoja akisema amekuja kwa miguu yake kwa sababu anakitaka kiti. Kuna mmoja alilia jukwaani, akajifuta kwa kitambaa cheupe, akina mama nao wakalia. Alishinda. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mimi nilikuwa katibu, tulikuwa tukimsubiri mpaka chai inapoa.

Halafu lami. Umeahidi barabara zote za mitaa. Tangu 2017 barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Diwani anaweza kupendekeza, kulalamika na kufuatilia, lakini fungu hashiki yeye. Maji ni ya mamlaka ya maji, umeme ni wa TANESCO. Hata kodi ya majengo, ambayo zamani halmashauri ziliitolea macho, tangu 2021 watu wanaikatwa wakinunua umeme wa LUKU. Mpiga kura hayajui yote haya, na si kosa lake. Mgombea anayajua, au hajataka kujua, ndiyo maana anaahidi lami.

Utaniuliza, sasa baba, umebakiza nini? Kumebaki kingi, ila hakipigiwi vigelegele. Kuna ushuru wa soko na stendi. Kuna taka, matundu ya vyoo vya shule, boma la zahanati ambalo wananchi walilipandisha kwa nguvu zao na likakaa bila bati mpaka miche ikaota ndani. Kuna sheria ndogo, ambazo ndizo zinazomfukuza au kumbakiza mama lishe pale alipo. Na kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata, na iliposimamishwa si kwamba serikali iliota tu. Nimeona kikundi cha vijana watano ambao wanne walikuwa ndugu wa tumbo moja na wa tano ana miaka hamsini. Karatasi zao zilikuwa safi kuliko za vikundi vya kweli. Wewe umesomea uhasibu. Katika kurasa tatu za hotuba hukuigusa asilimia 10 hata kwa mstari mmoja.

Nikusimulie hotuba moja iliyonibakia. Ilikuwa 2010, sokoni, mgombea ni mama muuza samaki, chama chake kidogo hata kipaza sauti waliazima. Alisema hivi, kwa kumbukumbu yangu: "Mimi mnanijua. Kila asubuhi nalipa ushuru, napewa risiti. Choo cha soko hili hakina mlango, tunazibiana kwa khanga. Nataka niingie Baraza la Madiwani niulize, ushuru wa hapa mwaka jana ulikuwa shilingi ngapi, na zilizorudi hapa ni ngapi? Nikijibiwa nitakuja kuwaambia. Nisipojibiwa nitakuja kuwaambia pia." Akashuka. Hazikufika dakika tatu. Watu walicheka, wengine wakauliza fulana ziko wapi. Akashika nafasi ya tatu. Lakini aliyeshinda alikuwepo pale, na lile swali lilimkaa, nadhani kwa kuogopa kwamba 2015 yule mama angerudi nalo. Mwaka uliofuata akaliuliza yeye, kama lake. Choo kikapata milango miwili.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako tu ndiye analijua. Kuna kikao kimoja cha kata tulijadili pa kujenga vyoo vya shule. Mwenyekiti mmoja wa mtaa, mwanamke, alisema mahali palipochaguliwa ni bondeni na masika maji yatafurika. Alisema mara mbili. Baada ya kikao diwani aliniambia nisiliandike, litachelewesha fedha. Nikaandika: "Wajumbe waliafiki kwa kauli moja." Mwandiko wangu, sahihi yangu. Masika yakaja. Muhtasari huo ninao hapa nyumbani, na kila nikifungua sanduku huwa unataka kuwa juu. Sikulaumu wewe kwa kuandika maneno mepesi, mama. Najua jinsi yanavyoandikika.

Juu ya Baraza lenyewe utayaona ukifika, ila ujue kabrasha la kikao cha robo mwaka ni nene kama tofali. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye anateuliwa na Rais na ndiye katibu wa Baraza, anakuja na wakuu wa idara wanaoongea bakaa, vifungu na hoja za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Nimeketi nyuma nikawaona madiwani waliolisoma wakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao alikuwa wa viti maalumu, mwalimu mstaafu, anabandika vikaratasi kwenye kurasa. Kwa hiyo yule mzee wa chama aliyekuambia "wewe mwanamke, nenda viti maalumu huko ndiko kwenu," mkatalie kwa sababu hutaki kuelekezwa, usimkatalie kwa kuvidharau viti.

Chama gani utapitia sikuulizi, maana nimezoea kutouliza. Ila bila chama hupiti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ileile iliyopo Arusha, iliamua 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kumnyima haki yake, na hadi leo fomu haipo. Basi kabla ya kuwaeleza wananchi utawaeleza wajumbe, wanaopiga kura za maoni za chama, na ule msemo wa 2020 kwamba wajumbe si watu unaujua. Waliousema, wagombea walionyimwa kura, walikuwa wamekula nao pilau wiki nzima. Kulikuwa na takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, sheria ikairuhusu, Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Jina lilifutika, pilau ikabaki. Akiba ya mumeo isiingie kwenye sufuria hiyo. Nasema hivi si kwa hekima, nasema kwa sababu nimemwona diwani aliyeuza pikipiki yake ili ashinde, kisha akaja kuniomba nauli ya kwenda kikaoni.

Na ukishinda, simu yako si yako tena. Utapigiwa saa nane usiku na mwenye mgonjwa, alfajiri na mwenye msiba, mchana na mwenye harusi. Wote watataka mchango, na posho ya diwani unaijua ilivyo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Mama yako ameniambia kisa cha mtaro wa nyuma ya shule. Kwamba mtoto alivuka maji yakimfika kifuani, na kwamba ulikwenda ofisini mara tatu, mara ya tatu kijana mmoja akakuuliza bila hata kuinua uso, "Kwani wewe ni nani?" Mama yako anasema ulirudi nyumbani hukula. Wiki ile ile ndipo ukaanza kuzungumza habari ya fomu.

Kwenye hotuba yako halimo. Si mtaro, si mtoto, si yule kijana. Umeweka uchungu wa kata nzima badala ya wako. Labda umeona ni jambo dogo, au unaogopa watasema umekuja kulipiza. Waseme. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wanaouliza "wewe ni nani," si kwa mdomo, kwa kalamu, na nakuambia swali hilo ndilo wanalolijua watu wote watakaokaa mbele yako siku hiyo, kila mmoja na ofisi yake aliyoulizwa.

Ila kabla hujasimama, kaulizie mtaro ule ni wa nani. Ukiwa unapokea maji ya barabara, huenda ni wa TARURA. Ukiwa wa ndani ya eneo la shule, ni wa halmashauri, na ndio utakaoweza kuubana. Usiseme utauchimba. Sema umeuliza, umejibiwa nini, na Baraza linaweza nini hapo. Kama itakuwa dakika tatu na ukashika nafasi ya tatu, nitakuja na basi la mwisho nikuchukue, utakaa huku mpaka kelele ziishe.

Mama yako anauliza siku za vikao nani atampokea mtoto shuleni. Anauliza hivyo kwa kuwa ameshaamua ni yeye.

Daftari nimekurudishia. Kurasa tatu nimezikata msalaba, ya nne nimeiacha tupu uandike upya. Sanduku la mihtasari nitakufungulia ukija Idd ya Mfungo Tatu. Ule wa vyoo uusome wewe kwa sauti, mimi nitakuwa nimekaa.

Konda nimeshamlipa. Akikudai tena, mwambie baba yako anaweka risiti.

Wako,
Baba