Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba mwaka huu tujifunze historia ya michoro ya dhihaka nchini Uingereza, na taarifa hii inahusu kazi hiyo.

Vikao vya mwanzo vilitawaliwa na sheria kuliko sanaa, jambo ambalo siombi radhi kwalo. William Hogarth, baada ya kuona michoro yake ya mwaka 1732 ikinakiliwa ovyo na wachapaji waliotaka faida ya haraka, aliungana na wenzake kulishawishi Bunge, na sheria ya mwaka 1735 ikampa msanii haki ya kumiliki mchoro wake kwa miaka 14.

Muda mrefu zaidi tulikaa na James Gillray, aliyeishi na mchapishaji wake, Hannah Humphrey, juu ya duka la bibi huyo katika mtaa wa St James's, London. Alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikaichimba mistari hiyo, kisha nakala zikapigwa chapa na kutiwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Asiyekuwa na fedha alitazama bure dirishani. Mchoro wake wa mwaka 1805, ambamo Waziri Mkuu Pitt na Napoleon wanaikata dunia mezani kama pudini, ulitugawa. Wapo waliosema anayedhihakiwa ni Napoleon peke yake. Mimi naona Pitt, anayejikatia bahari, naye ameonyeshwa mlafi, ingawa Gillray alikuwa amewahi kupokea malipo ya siri ya serikali kuanzia mwaka 1797.

Fedha zilijitokeza tena kwa George Cruikshank, aliyelipwa pauni 100 mwaka 1820 ili asimchore Mfalme katika hali ya uasherati; alizipokea, na kalamu yake haikutulia. Thomas Rowlandson, mchoraji mwingine wa dhihaka wa enzi hiyo, tulimgusa tu, na lawama hiyo ni yangu.

Mwakani tutasoma jarida la Punch, lililoanza mwaka 1841. Kamati inapendekeza tuanze na mchoro wa Linley Sambourne wa mwaka 1892, unaomwonyesha Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza kusini mwa Afrika, akiwa ameitanda Afrika, mguu mmoja Cairo na mwingine Cape Town, ameshika waya wa simu ya maandishi, nasi tukiwa katikati ya miguu hiyo.

Mwenyekiti