Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Darubini

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache wa kidato cha pili waliokuwa wakibaki uwanjani baada ya prepu kutazama nyota. Leo ndiyo klabu hai kuliko zote shuleni, na tunaamini katika tarafa hii hakuna iliyofika tulipofika. Mafanikio yetu makubwa ni mdahalo wa wiki hii: nani hasa aliyevumbua darubini? Ukumbi ulijaa hadi madirishani.

Kundi la kwanza lilimtetea Hans Lipperhey, fundi miwani wa Middelburg, Uholanzi, ambaye ombi lake la hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, lilijadiliwa na Baraza Kuu la nchi hiyo tarehe 2 Oktoba 1608. La pili lilisimama na Jacob Metius wa Alkmaar, aliyepeleka ombi kama hilo mwezi huohuo. La tatu likamleta Zacharias Janssen, fundi mwingine wa Middelburg, ambaye mwanawe alitoa ushahidi mwaka 1655 kwamba baba yake aliitengeneza tangu 1590. Hapo mtoto wa kidato cha kwanza akasimama na kuuliza: kama Janssen anakadiriwa kuzaliwa 1585, aliitengeneza akiwa na miaka mitano? Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nyaraka nyingi za Middelburg ziliteketea vitani mwaka 1940, kwa hiyo ubishi huu hautaisha leo. Tulikubaliana kwamba maandishi ya kwanza yanamtaja Lipperhey. Aliyeitengeneza kwanza hakuna awezaye kumwapia.

Baada ya mdahalo tuliunda darubini ya aina hiyohiyo: lenzi mbinuko ya miwani ya kusomea mbele, lenzi mbonyeo nyuma, katikati bomba la plastiki. Inakuza mara tatu, sawa na zile za 1608. Umeiona pale mezani, na tunajivunia.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja.

Darubini ya kukuza mara tatu haifiki tunakotaka kufika. Galileo alisikia habari za chombo cha Waholanzi mwaka 1609, akatengeneza cha kwake, akakiboresha hadi kikakuza mara 20 hivi. Januari 1610 akaona miezi minne ikizunguka sayari ya Mshtarii. Akaelekeza chombo kwenye Kilimia, nyota ambazo babu zetu walizitazama kupanga kilimo, na pale ambapo macho matupu huona nyota sita yeye akachora 36. Sisi tunanakili michoro hiyo ubaoni. Tunaijibia mitihani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona miezi hiyo kwa jicho lake, ilhali shule ipo mbali na taa za mji na anga letu usiku wa kiangazi ni jeusi kabisa. Kinachokosekana ni chombo.

Tunaomba darubini moja ya kioo cha kuakisi mwanga, yenye kipenyo cha milimita 150, pamoja na stendi yake, lenzi za kutazamia na mafunzo mafupi kwa mwalimu mlezi. Hiyo inatosha kuona pete za Zohali.

Kwa heshima zote, Ndugu Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mwaka 2016, watu walipofurika Rujewa tarehe 1 Septemba kushuhudia jua likipatwa, waliotutangulia katika klabu hii waliahidiwa darubini mbele ya umati. Walipofuatilia, wakajibiwa kwa barua kwamba suala linashughulikiwa. Baadaye akaja mgeni mwingine, tukapiga naye picha tukiwa tumeshika hundi kubwa ya mfano. Hundi hiyo bado ipo stoo. Fedha zake hatujaziona. Mara nyingine tukaletewa mipira na jezi. Tulishukuru, na timu inazitumia, lakini hatukuomba jezi.

Lipperhey alinyimwa hataza, kwa sababu watu wengine nao walikwishaujua ufundi huo. Hata hivyo aliambiwa waziwazi, alilipwa kwa kazi yake, na kabla ya mwaka 1608 kwisha akaagizwa kutengeneza nyingine za macho mawili. Metius naye alipewa fedha kidogo ili aendelee kuboresha chombo chake. Waliomba, wakajibiwa. Nasi tutaridhika hata na jibu la hapana, mradi liwe la maandishi na lituruhusu kubisha hodi kwingine. Kinachotuumiza ni kungoja: wanaoomba wakiwa kidato cha kwanza wanamaliza cha nne bila jibu, na ahadi inarithiwa na wadogo zao.

Ankara kifani ya darubini, yaani hati ya bei kabla ya kununua, imo ndani ya jalada la bluu lililo mbele yako, pamoja na nakala za barua zetu zote. Tunaomba utakaposimama kuzungumza ututajie, mbele ya wazazi hawa, tarehe ya kuletewa chombo hicho na jina la ofisa tutakayemfuatilia. Katibu wetu ameshika kalamu na daftari kwa ajili hiyo.

Naomba kuwasilisha.