Ukisikia "Tokeni", Utoke

Katuba, Lubumbashi, Jumamosi usiku

Mwanangu Ngoie,

Basi la kukupeleka Kolwezi, kwenye kazi ya mgodini, linaondoka Jumatatu alfajiri, na haya siwezi kuyasema mbele ya mama yako. Ndiyo maana naandika.

Kitabu ulichoniachia mezani nimekisoma. Nilikidharau mwanzoni, mambo ya angani, nikasema mtoto wangu ni injinia sasa, bado anasoma hadithi. Halafu nikakimaliza kwa usiku tatu, umeme ukikatika nawasha taa ya simu. Rendez-vous avec Rama, cha Arthur C. Clarke, kilitoka 1973. Watu wanaona kitu angani mwaka 2131, wanadhani ni jiwe. Kumbe ni silinda iliyotengenezwa, urefu kilomita 50, wazi ndani, inajizungusha kila dakika 4, na aliyeitengeneza hajulikani. Kamanda Norton na watu wake wanaingilia kwenye ncha moja. Giza. Ngazi zinashuka, zinashuka.

Mwanangu, hapo nilikifunga kwanza. Giza lile nalijua. Taa ya kichwani inakuonyesha hatua chache, kinachobaki unakipima kwa masikio.

Sasa sikiliza. Ndani ya silinda kuna bahari ya barafu. Inapokaribia jua, joto linapita kwenye ganda, barafu inayeyuka kutoka chini. Mtaalamu mmoja, aliye mbali kabisa, anapiga hesabu na kuona kwamba dhoruba inakuja humo ndani. Anatuma habari. Norton anawapandisha watu wake. Hakusema tumalize kipimo hiki kwanza. Hakumrudisha mtu chini kufuata chombo.

Huko mgodini unakokwenda pampu zikizimika maji hayangoji, na hewa isiposukumwa haiji yenyewe. Ukisikia "tokeni", utoke. Ukiona mwenyewe kabla hawajasema, utoke. Kapita, msimamizi wenu, akikasirika, akasirike.

Yule kijana Jimmy Pak simpendi. Anavuka bahari peke yake kwa baiskeli ya kuruka, inavunjika, anakwama ng'ambo mpaka wenzake wanamfuata kwa mashua. Najua wewe ndiye uliyempenda. Ulichora baiskeli yake pembeni ya ukurasa. Usiende galeri, njia za chini mgodini, peke yako, hata kwa dakika tano.

Mkataba wa kazi ulimwonyesha mama yako kwanza, mimi nikausikia kwa jirani. Hilo liliniuma. Lakini siku ile nilivaa koti nikapita mtaa mzima, na kila aliyenisalimu nilimwambia.

Ya lile shimo la madini, ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, siyarudii. Unayajua. Nasema tu kwamba siku ile ulitoka na mfuko mtupu, na mchana wake ukuta ukaanguka. Ulitoka kwa akili yako, si kwa akili ya mtu aliyekutuma. Na fimbo uliyoipata jioni haikuwa yako. Kwa hiyo kutoka mapema unakujua, hujafundishwa na kitabu wala na mimi. Usikuache sasa kwa sababu ya mshahara na kofia nyeupe ya injinia.

Mshahara wa kwanza usitume wote. Bati la jikoni linaweza kungoja mvua moja zaidi. Ilunga anadaiwa pesa ya shule ya miezi miwili, hiyo nitaitafuta mimi. Makala yamepanda tena, mama yako anapika sombe na bukari kwa moto mmoja, analalamika lakini anaweza. Kuku mwekundu ameatamia. Viatu vyako vya zamani nimempa binti wa shangazi yako, usiulize.

Kitabu nakirudisha, barua hii imo ndani, kwenye ukurasa wa dhoruba. Nimekunja kona, unisamehe, najua hupendi.

Mawese nimeyatia kwenye dumu la njano na kufunga kwa plastiki. Basini lisimamishe katikati ya miguu yako, usililaze. Ukifika Likasi nibipu. Ukifika Kolwezi nibipu tena. Na kila zamu ukitoka juu, hata usiku, nibipu mara moja. Sitapokea, nitaona namba tu.

Baba yako