Seli nusu safi, nusu ukungu: kabla hujanunua kamera mpya

Simu nyingi tunazopigiwa hapa karakana ya hadubini zinafanana. Mtafiti ana lenzi ya mafuta (hutiwa tone la mafuta kati yake na kioo) ya 1.4, namba inayoonyesha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga, ghali kuliko pikipiki, na seli zake ziko hai majini. Sehemu iliyogusa kioo inatoka safi kabisa. Akipanda mikromita 10 (sehemu 10 za elfu za milimita) kutoka kwenye kioo, ukungu mtupu. Basi anauliza bei ya kamera.

Kamera haina kosa. Upondo wa mvuvi huonekana umevunjika pale unapoingia majini, kwa kuwa mwanga hupinda ukitoka kwenye kitu kimoja kuingia kingine. Mafuta ya lenzi huupinda karibu sawa na kioo, kwa kipimo cha 1.52, maji ni 1.33. Karibu na kioo pengo hilo halisumbui. Ukizama ndani ya seli, miale ya pembeni na ya katikati haikutani tena mahali pamoja, na nukta inatawanyika kama tone la wino kwenye karatasi ya choo. Tena seli ya duara hurefuka kama yai: skrubu ya kulenga imesogea mikromita 10, fokasi ndani ya maji imesogea pungufu. Anayepima ujazo wa seli kwa picha hizo bila kusahihisha, anapima kosa.

Kwa seli hai, chukua lenzi ya maji, au ya mafuta ya silikoni (kipimo cha kupinda mwanga 1.40), yanayokaribiana zaidi na seli yenyewe. Ya maji huandikwa 1.2 ya kukusanya mwanga, chini ya ile 1.4, na wengi huidharau kwa namba hiyo. Kwa seli nzima sisi tunaichagua bila kusita.

Angalia pia kioo cha kufunikia. Lenzi imeandikwa 0.17, yaani unene kwa milimita. Boksi namba 1 lina vioo vya 0.13 hadi 0.16, unalotaka ni namba 1.5. Lenzi ya maji ina pete ya kurekebishia unene huo, na tumeshaona ambazo pete yake haijawahi kuguswa tangu zitoke dukani.

Mpaka wa udogo ambao hadubini ya mwanga inaweza kutofautisha, alioueleza mwanafizikia Ernst Abbe mwaka 1873, utabaki palepale: nanomita 200 hivi kwa upana, na zaidi ya 500 kwa kimo. Mitambo ya kuuvuka, iliyowapa wanasayansi Hell, Betzig na Moerner Nobel ya 2014, hatuigusi.

Tuletee lenzi na slaidi moja. Tutapiga picha ya vishanga vinavyong'aa vya nanomita 100, uone mwenyewe umbo la nukta. Lenzi ikiwa nzima, utalipia kipimo tu.