Kadzo mwanangu, London itangoja

Kadzo mwanangu,

Nimeskiza ile sauti yako ya WhatsApp nikiwa kwa basi natoka kazini, nikacheka mpaka mzee wa kiti cha mbele akageuka kuniangalia. Ati unataka kuona daraja la London, ile saa kubwa, uwanja wa Arsenal, na duka moja la nguo ambalo hata mimi miaka yote hii huku sijawahi kuliskia. Sawa mamangu, tutaenda, sijakataa. Lakini unafika mwisho wa Aprili, na mwisho wa Aprili huku kuna kitu hakingojei mtu, ukichelewa wiki mbili umekikosa mpaka mwaka ujao, na London iko pale pale mwaka mzima. Kwa hivyo wikendi ya kwanza ntakupeleka msituni, na usinune, hebu soma kwanza.

Kusini ya hapa Swindon, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, kuna mji mdogo unaitwa Marlborough, na nje yake kuna msitu unaitwa West Woods. Ukipita hapo wakati wa baridi utasema huu msitu umekufa, miti iko uchi, chini ni matope na majani yaliyooza basi. Halafu jua la Aprili likianza kupata nguvu kidogo chini kote kunageuka rangi. Buluu, lakini buluu inayokaribia zambarau, imetanda kutoka shina hili mpaka lile mpaka macho yanapoishia, na ukiitazama kwa mbali ni kama moshi wa jikoni uliokataa kupanda juu. Ni maua hayo, yanaitwa blubeli, na karibu nusu ya blubeli zote duniani ziko hapa Uingereza.

Hili ua ni janja sana. Lina kitunguu chake chini ya ardhi ambacho limejiwekea akiba ya chakula tangu mwaka jana, sasa miti ikiwa bado haijavaa majani lenyewe linachipuka mbio mbio, linajipatia jua lote la bure, linachanua, linaitisha nyuki, na ifikapo katikati ya Mei huku juu majani yameshafunga na chini kumeingia giza, blubeli imeshamaliza shughuli zake inarudi kulala. Ndio maana nakuambia haingoji mtu.

Kuna bibi mmoja mwenye mbwa nilikutana naye huko, akanichuchumaza pale njiani (ana miaka themanini na kitu na anachuchumaa kunishinda) akanionyesha vile ya asili inavyojulikana. Shina lake limeinama upande mmoja, vikengele vyote vinaning'inia upande huo huo, ncha zake zimejikunja kwa nje, na ukifungua kimoja kwa kucha ule unga wa ndani ni rangi ya maziwa. Ile nyingine ya Kihispania ambayo watu hupanda kwenye bustani inasimama wima, vikengele vinazunguka shina pande zote, na harufu yake ni ndogo. Hii ya msituni inanukia, wewe. Sio harufu ya kukupiga puani kama asumini ya kwetu jioni, hii inakuja upepo ukipita halafu inapotea.

Sasa, sheria ya kwanza, na hapa sitaki mchezo. Usitoke njiani. Najua wewe na simu yako, na najua utaona wasichana wengine wamelala kabisa katikati ya maua wanapigwa picha, mimi hao huwa nawaangalia nikitamani kuwazomea. Jani la blubeli likikanyagwa halipandi tena, na bila jani kile kitunguu hakipati chakula cha mwaka ujao, na mbegu mpya inachukua kama miaka mitano au saba ndio itoe ua. Yaani picha moja ya dakika mbili inaharibu kazi ya miaka. Kuzing'oa ndio kabisa, kuna sheria ya mwaka 1981 inayozilinda. Nyanyako haya angeyaelewa bila kuelezwa, si unajua kule Kaya, misitu yetu mitakatifu ya Wamijikenda, watu wanavyoingia, unafuata njia ile ile waliyofuata wazee, hukati hata kijiti, hubebi kitu. Kaya zetu UNESCO waliziandika kwa orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 2008, na mimi kila nikiingia West Woods mwili wenyewe unakumbuka kushusha sauti. Hakuna mtu amenambia, ni malezi tu.

Lakini sijafika kwa kitu chenyewe bado. Ndani ya huo msitu, hapo hapo kati ya maua, utaona mawe makubwa ya kijivu yamelala, mengine yameota kijani mgongo mzima. Hayo ni mawe ya saseni, ni magumu ajabu. Stonehenge si umeiona kwa vitabu, yale mawe makubwa yamesimama na mengine yamelazwa juu yake? Kwa miaka mingi watu walikuwa wanabishana yale makubwa yalitoka wapi hasa. Basi mwaka 1958 mafundi walikuwa wanarekebisha jiwe moja pale lenye ufa, wakalitoboa ili wapitishe vyuma, na kile kipande kilichotoka kwa tundu, kirefu kama mita moja, mfanyakazi mmoja anaitwa Robert Phillips akakichukua. Akahamia nacho Marekani! Kikakaa naye huko mpaka yeye mwenyewe uzeeni akaamua kirudishwe, kikarudi 2018. Wataalamu wakakipima kemikali zake, wakalinganisha na mawe ya sehemu mbali mbali za kusini mwa Uingereza, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba jiwe linaoana na haya ya West Woods. Na kati ya mawe 52 ya aina hiyo yaliyobaki Stonehenge, 50 yanafanana kikemikali, yaani inaonekana yametoka pahali pamoja.

Mimi nilivyoskia hivo nilikuwa nshapita kwa huo msitu sijui mara ngapi nikitazama maua tu. Kutoka hapo mpaka Stonehenge ni kilomita 25 hivi, na jiwe moja ni tani 20 kwa wastani, na hiyo ni miaka kama 4,500 iliyopita, hakuna lori hakuna winchi, na huku kwao hata gurudumu halikuwa limefika. Ni watu na kamba na magogo na wingi wa mikono. Mkono wako ukigusa jiwe lililobaki pale msituni ujue umegusa lile ambalo halikuchaguliwa.

Stonehenge yenyewe hatuendi, samahani. Tiketi ghali, na ukishalipa unazungushwa kwa mbali, kuna kamba. Tutaenda Avebury, kwenye duara lingine la mawe ya kale, ambako hakuna kiingilio, unalipa pakingi tu, na sisi hata hiyo hatulipi kwa sababu basi nambari 49 kutoka Swindon linakupeleka mpaka katikati. Nikisema katikati ni katikati kweli. Lile duara la mawe ni kubwa mno, zaidi ya mita 300 kutoka upande huu mpaka ule, ndio kubwa kuliko yote duniani, kiasi kwamba kijiji kimejengwa ndani yake, barabara ya lami inapita, kuna baa, kondoo wanajikuna migongo kwa mawe. Na mawe unayagusa, unayaegemea, watoto wanazunguka wakijificha. Limezungukwa na handaki refu ambalo wakati linachimbwa lilikuwa na kina cha zaidi ya mita 9, na walichimba kwa pembe za paa wakubwa wa huku. Pembe, Kadzo. Ile ardhi ni chokaa nyeupe, basi fikiria lilivyokuwa linang'aa siku za kwanza.

Utaona pia pahali pengine badala ya jiwe kuna nguzo fupi ya zege. Hiyo ni kwa sababu zamani wanakijiji waliyaangusha mengi, wengine waliyafukia, baadaye wakaanza kuyachoma moto na kuyamwagia maji baridi yapasuke wajengee nyumba. Halafu miaka ya 1930 akaja tajiri mmoja, Alexander Keiller, pesa za familia yake zilitokana na jemu ya machungwa, akanunua eneo, akafukua mawe akayasimamisha tena, na palipokuwa patupu akaweka hizo nguzo. Watu wanamsifu. Mimi namsifu nusu, manake ili duara lionekane vizuri nyumba za watu zilibomolewa na familia zikahamishiwa nje ya kijiji, na sisi watu wa Pwani mambo ya kuhamishwa kwenye ardhi tunayajua, hatuhitaji kufundishwa.

Huyo huyo Keiller mwaka 1938 alipokuwa anachimbua jiwe lililofukiwa akakuta mifupa ya mtu chini yake, ana sarafu za miaka ya 1300 na makasi. Wakasema huyu ni kinyozi aliyekuwa pia anatibu watu, alikuwa anasaidia kuangusha jiwe likamlalia. Mifupa ikapelekwa London, watu wakadhani iliteketea kwa mabomu ya Vita vya Pili, kumbe ilikuwa stoo ya makumbusho muda wote huo, na ilipoangaliwa upya hawakuona dalili kwamba jiwe ndilo lililomuua. Sasa alikufa na nini na kwa nini akawekwa hapo, we ukifika utanambia wazo lako, mimi langu ninalo lakini sitaki kukuharibia.

Kuna duara lingine linaitwa Stanton Drew, huko Somerset upande wa Bristol, wenyeji wanasimulia kwamba ni watu wa harusi waliocheza mpaka ikaingia Jumapili wakageuzwa mawe. Nilipolisoma nikakumbuka Namoratunga, yale mawe yaliyosimama kule Turkana, ambako pia inasimuliwa walikuwa watu wakicheza wakamdhihaki pepo wakawa mawe. Turkana na Somerset! Na wale waliosimika nguzo kule Turkana walikuwa wafugaji wa miaka maelfu iliyopita, wengine wakizika watu wao papo hapo. Kwa hivyo mtu asikwambie mambo haya ni ya wazungu, ukirudi Kenya panga safari ya Kalokol, huko huko Turkana, ukayaone ya kwetu.

Sasa jambo moja ambalo nataka ulishike kabla hujafika. Huku mashambani hutaona watu wengi wanaofanana nasi. Mimi mwanzo nilikuwa naona kama naingia shamba la mtu, nitaitiwa polisi, nikiona geti nageuka. Mpaka mwenzangu wa kazini akanieleza kwamba njia zile ni haki kisheria, zimechorwa kwa ramani kwa vistari vya kijani, na ukiona mshale wa manjano kwenye nguzo basi hapo unapita kwa miguu hata kama ni katikati ya ngano ya mtu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Inabidi aiache wazi. Haiulizwi umezaliwa wapi. Kwa hivyo tukikutana na watu wewe sema "Morning" na uendelee kutembea, usijikunyate, usitoe simu ukajifanya umepotea. Wengi ni watu wazuri, watakuambia habari za hali ya hewa mpaka uchoke. Akitokea wa kukukodolea macho mwache akodoe, njia ni yako vile vile.

Geti ulilolikuta limefungwa ulifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Ng'ombe wenye ndama zunguka mbali nao, hawa wa huku sio kama wa babu yako wanaoskia kuitwa jina, na wakati huo wa mwaka ndama wako kila pahali. Na jioni utajikagua miguu, nyuma ya magoti hasa, kuna kupe wadogo kama punje ya simsim, wanaleta ugonjwa.

Chakula ntabeba mimi, ntapika mahamri usiku wake na chai ya tangawizi kwa thamosi, kwa sababu ile baa ya Avebury sahani moja ya samaki na chipsi ntakuambia bei ukishakaa. Kilima cha Silbury tutakiona tukipita, kimerundikwa na watu, hakuna ruhusa ya kukipanda. Ukiwa na nguvu tutasogea mpaka West Kennet kwenye lile kaburi refu la mawe, ndani unaingia umesimama, beba tochi ya simu. Ukichoka tunarudi nyumbani, hakuna anayetupigia saa.

Koti la mvua usinunue huko, ninalo la ziada. Wewe nitumie tu saizi ya kiatu, na ile ya ukweli, sio unayovaa kanisani ukitaka mguu uonekane mdogo, ukumbuke kuna soksi nene ndani. Gambuti zipo kwa duka la mitumba hapa karibu na stesheni lakini zikifika saizi za wanawake haziko hata siku mbili, kwa hivyo jibu leo leo.

Mamako