Ajira za kaunti zisiwe za kabila moja

Mhariri,

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kwanza ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi kwenye kaunti husika. Mbona haifuatwi kila mahali? Mama wa jamii ndogo anafika dirishani kuulizia basari ya mwanawe, anajibiwa kwa lugha asiyoifahamu, kisha anaambiwa arudi kesho. Mwaka ujao hataomba tena. Inaniuma sana! Bodi za utumishi wa umma hutakiwa kuripoti kwa mabunge ya kaunti. Wawakilishi wadi waitishe orodha ya walioajiriwa kabla ya kupitisha bajeti ya mishahara.

Msomaji wenu,
Nakuru